Visanduku Viwili na Santuri ya Paskalina

Siku ile mliyoniaga mlipika pilau, mkanipa saa ya ukutani, na kijana wetu wa stoo akasimama kusoma risala. Akasema katika miaka yote niliyokaa kazini sikuwahi kuharibu kitu cha mtu. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa na mfupa mdomoni, nikaendelea kuuguguna, maana sikujua mtu anakataaje sifa mbele ya wake zenu na mkuu wa idara. Tangu hapo maneno yale yamenikaa vibaya. Sasa nimerudi kwetu Nambis, nina muda, nina meza, na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka uani nikikagua vitu ambavyo havijaharibika. Nimeona niwaandikie lile ambalo risala haikulisema. Habari za vyeo na mishahara zimo kwenye faili. Anayezitaka akazitafute huko, kama panya wamebakiza kitu.

Nilianza kazi kwenye shamba moja la ngano la serikali, chini ya mlima Hanang, nikiwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti kisicho na mkunjo hata mmoja. Lori lilinishusha saa nne asubuhi. Sisi watu wa Nambis tumezoea shamba ambalo unaweza kulizunguka kabla uji haujapoa. Pale ngano ilianzia kwenye vidole vya miguu yako ikaenda hadi macho yachoke, na upepo haukuwa na mahali pa kujikwaa. Niliuliza karakana ya redio iko wapi, nikaonyeshwa kontena la bati lililokatwa dirisha moja.

Ndani alikuwemo Mzee Isaka, fundi mkuu wa redio, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi mwenye miwani iliyoshonwa kwa waya wa shaba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa, akanisogezea redio ya mawasiliano iliyotolewa kwenye trekta. Haikuwa inasema kitu. Niliifungua, nikaipima kwa mita nusu siku nzima, nikachora hadi mchoro. Jioni akaja dereva wa ile trekta, akasema hata asubuhi angeniambia kama ningemuuliza: ile swichi huwa inakwama ukipita kwenye makapi. Mzee Isaka alikuwa anajua tangu mwanzo. Alitaka tu kuona kama nitamuuliza mwenye kitu kabla sijakipasua. Aliniambia mita inajua umeme, lakini mtu aliyeishi na kitu ndiye anayejua ugonjwa wake. Nilikasirika kwa siku mbili, kisha nikaona ana haki.

Kazi yetu kubwa ilikuwa hizo redio, za kwenye matrekta, za kwenye kombaini na ile kubwa ya ofisini. Adui alikuwa vumbi. Wakati wa mavuno vumbi la makapi liliingia hadi ndani ya vitu vilivyofungwa kwa skrubu nane, na sijui hadi leo lilipitia wapi. Tulikuwa na brashi za kunyolea ndevu za kusafishia, pasi mbili za kuunganishia waya kwa risasi, moja ya kwake na moja ya kwangu, na mita moja ambayo aliifunika kwa kitambaa kama mkate. Pia watu wa nje walileta vitu vyao. Wafugaji walikuja kutoka upande wa Gehandu na redio zenye harufu ya moshi na maziwa. Mmoja wao, mzee mrefu mwenye fimbo, aliwahi kuniuliza kama redio ikipona itataja lini malisho yao yatarudi, maana pale tulipokuwa tumesimama alichungia ndama akiwa mtoto. Nilicheka nikidhani anatania. Mzee Isaka hakucheka, akamwambia redio imepona ila kwa hilo hana dawa.

Kuhusu vitu vya watu, Mzee Isaka alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka nikawa naisema mimi kabla yake. Mnajua ule usemi wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alisema katika karakana mgeni hapewi jembe hata siku ya kumi. Kitu cha mtu kinafungwa kikaratasi kwa uzi, kinaandikwa jina na kazi inayotakiwa, kinafanyiwa kazi hiyo na si nyingine, kinasindikizwa kwa mwenyewe. Hukitumii kusikilizia mpira. Hukikopeshi. Hukijaribii kitu kingine. Niliitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, na sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka wangu wa tatu, wataalamu wa kigeni wa mambo ya ngano walimaliza mkataba wakaondoka. Mmoja wao aliiachia klabu ya wafanyakazi mitambo yake ya muziki: pleya ya santuri, amplifaya, spika mbili kubwa kama masanduku ya bibi harusi, na kisanduku kimoja kidogo chenye taa za kioo ndani, kama zile za redio za kizamani. Nyinyi mmekulia kwenye simu, kwa hiyo niwaeleze kile kisanduku. Sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri hutoa umeme mdogo mno, kama mtu anayenong'ona akiwa nyumba ya tatu. Zaidi ya hapo, wanaochonga santuri hupunguza besi makusudi ili mfereji usiwe mpana, na kuongeza sauti nyembamba ili zisimezwe na mkwaruzo. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye amplifaya utasikia muziki mkavu, wote pua, hauna kifua. Lazima katikati pawepo kikuza sauti cha kwanza, kinachoinua ule mnong'ono na kurudisha besi mahali pake. Kikikosea kidogo tu, mwimbaji anakuwa mtu mwingine.

Kile kisanduku cha mgeni kilikuwa na ugonjwa wa kunguruma kila jenereta inaposhuka nguvu, na jenereta yetu ilishuka nguvu kila mpishi wa kantini alipowasha jiko la umeme. Nikaona hapo ndipo pangu. Nilikuwa na mchoro kutoka kitabu cha chuoni, nilikuwa na transista, nikajenga cha kwangu ndani ya kopo la biskuti. Siwezi kuwaficha, kilikuwa kizuri. Kati ya wimbo na wimbo kilikuwa kimya kama kaburi. Besi yake ilikuwa imesimama, haikuyumba. Cha taa kilihitaji dakika mbili kupata moto na besi yake ilikuwa laini kama ugali wa mgonjwa, ila sauti ya mtu ilipopita humo ilikuwa tamu, ilikuwa na nyama. Mzee Isaka alivisikiliza vyote viwili, mikono nyuma, akasema changu kinasema kweli lakini kwa ukali, hasa kwenye herufi ya "s", inachoma kama vitunguu kwenye mafuta. Tukabishana. Meneja wa shamba alitaka kisanduku kimoja kifungwe rasmi klabuni kabla ya sherehe ya mavuno, akasema tuamue wenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilitaka kushinda kuliko nilivyotaka kula.

Ugumu ulikuwa santuri za klabu. Zilikuwa zimechezewa, zimemwagiwa bia, zimekaliwa. Sindano iliruka kama panzi, hadi tukaiwekea sarafu juu ya kichwa chake iwe nzito, ndipo ikatulia. Kwa santuri za namna hiyo visanduku vyote viwili vilitoa mkwaruzo uleule, na huwezi kulinganisha mkwaruzo.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Mwalimu Akonaay. Alikuwa mwalimu wa kwaya wa kanisa moja huko Daudi, mtu wa miaka hamsini na kitu, koti la kijivu, viatu vimepakwa rangi ingawa alikuwa ameshuka mlima kwa lori la mbuzi waliokuwa wakipelekwa mnadani. Alikuwa na sanduku la mbao, ndani kuna kanga, ndani ya kanga kuna santuri moja nyeusi isiyokuwa na picha wala jina la kampuni, ila maandishi ya kalamu katikati. Alitueleza taratibu. Binti yake Paskalina alikuwa ndiye sauti ya kwanza katika kwaya yake. Padre mmoja aliipeleka kwaya ile kurekodiwa kwenye studio huko mjini, wakachongewa nakala hiyo moja ya majaribio, wakaambiwa zingine zitafuata. Hazikufuata. Mwaka uliofuata Paskalina alifariki, yeye na mtoto aliyekuwa anamzaa. Mwalimu aliisikia santuri ile mara moja tu, kwenye gramafoni ya padre, wiki ya msiba, kisha padre akahamishwa na gramafoni yake. Sasa amepata redio kaseti. Alikuwa anaomba, kama inawezekana, tumhamishie sauti ile kwenye kaseti ili yeye na mama wa binti wawe wanamsikia nyumbani.

Alisema kuna sehemu katika ubeti wa mwisho ambapo kwaya inanyamaza na Paskalina anapanda peke yake, juu kabisa. Miaka ishirini na zaidi ya kufundisha, alisema, hajasikia mtu mwingine akifika pale bila kupiga kelele. Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayetaja kitu alichokiacha kwa jirani.

Jenereta ilikuwa imezimwa siku hiyo, kwa hiyo hakuweza kusikia kitu. Tukakubaliana arudi mnada wa mwezi ujao. Mzee Isaka aliishika ile santuri kwa kingo, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia hii si santuri ya dukani. Ni sahani ya alumini iliyopakwa rangi laini, wanachonga kwa ajili ya kujaribia, si ya kupigwa kila siku. Akafunga kikaratasi kwa uzi, akaandika: "Kunakili kwenye kaseti. Mara moja." Kesho yake akapata habari ya msiba kwao Kondoa, akaondoka. Akiwa ameshapanda gari aliniambia jenereta ikiwaka tu ninakili, niirudishe kwenye kanga.

Jenereta iliwaka siku hiyohiyo mchana. Nikaweka santuri ya Paskalina kwenye pleya.

Jamani, ilikuwa safi. Haina mkwaruzo, haina chembe ya vumbi, kwaya imesimama mbele yako kwa mistari, unawahesabu. Na mimi kitu cha kwanza nilichofikiria, mbele ya kitu kama kile, ni kwamba sasa nimepata santuri ya kulinganishia visanduku. Kaseti mpya ilikuwa mezani. Sikuigusa. Nilijiambia kwamba Mwalimu anastahili kunakiliwa na kisanduku kilicho bora, kwa hiyo ni haki tujue kwanza kipi ni bora. Angalieni jinsi shetani anavyojua kuvaa ovaroli.

Nilitundika blanketi katikati ya kontena, visanduku nyuma yake, msikilizaji mbele asijue kipi ni kipi. Nilikuwa naita watu saa ya chakula cha mchana, wawili wawili, watatu watatu: madereva, muuguzi wa zahanati, mtunza stoo, mpishi aliyekuwa chanzo cha mngurumo. Kila mmoja nilimpa punje moja ya ngano. Makopo mawili yalikuwa mlangoni. Akitoka anatumbukiza punje kwenye kopo la sauti aliyoipenda. Kwa kuwa sikuwa na swichi ya kuhamishia, nilipiga wimbo wote kwa kisanduku cha kwanza, nikachomoa waya, nikaurudia wote kwa cha pili. Wengine waliomba mara ya tatu. Muuguzi alikuja siku tatu mfululizo na nilidhani amependa ufundi wangu.

Siku mbili za kwanza changu kiliongoza. Siku ya tatu niliona kimefifia juu, kama kuna kitambaa kimewekwa mbele ya spika. Nikadhani kapasita imechoka, nikabadilisha. Siku ya nne kikapendeza, siku ya tano kikafifia tena. Nikabadilisha nyingine, nikapunguza hiki, nikaongeza kile. Cha taa nacho nilikiona kimezidi kuwa kizito, nikafurahi, nikasema taa zinazeeka. Siku nane nilikimbizana na ugonjwa ule kutoka kapasita hadi kapasita. Fundi mwenye cheti kisicho na mkunjo, hakuna hata saa moja aliyojiuliza kama kinachopungua si kisanduku.

Mzee Isaka alirudi siku ya tisa, nywele zimenyolewa kwa msiba. Alikuta blanketi, makopo, na mimi nikihesabu punje. Hakuuliza nani ameshinda. Alikwenda kwenye pleya, akainua mkono wa sindano, akakitazama kichwa chake. Ile sarafu ilikuwa bado iko juu. Sikuwa nimeitoa. Nilikuwa nimeikandamiza santuri laini kwa uzito uleule tuliouweka kwa ajili ya santuri za bia na walevi. Chini ya sindano palikuwa na unga mweusi, laini, umejikusanya kama ndevu za paka. Nilikuwa nimeuona kila siku, nikaupuliza, nikajua ni vumbi, maana huko kila kitu ni vumbi.

Aliuchukua ule unga kwa ncha ya kidole, akanisogezea usoni.

"Hili si vumbi," alisema. "Huyu ni yule binti. Umemkwangua."

Nilikaa chini kwenye kreti. Hakunigombeza. Alitoa sarafu, akasafisha sindano kwa brashi, akaweka kaseti, akanakili mara moja kwa kisanduku cha taa, bila kuniuliza. Tulisikiliza wakati kaseti inanakili. Kwaya ilikuwepo, ngoma ilikuwepo, maneno yalisikika. Ulipofika ubeti wa mwisho, sauti ilipanda nusu ya ngazi, halafu badala yake pakawa na mchakacho, kama mtu anafagia uwanja wa jirani. Alifunga santuri kwenye kanga yake. Akaniambia siku ya mnada nitamwambia mwenyewe.

Nilijiandaa kumwambia. Naapa nilijiandaa, hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Mwalimu Akonaay alikuja na kibuyu cha maziwa kutoka kwa mkewe kwa ajili ya mafundi. Tukamkalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo, Mzee Isaka akabonyeza kaseti. Mwalimu alifumba macho, mkono wake wa kulia ukaanza kuongoza kidogo kidogo juu ya goti. Ulipokaribia ubeti wa mwisho aliuinua, kama anavyomwita mwimbaji. Mkono ukabaki juu. Ukakaa hapo, kisha ukashuka.

Aliomba tumrudishie pale. Tukarudisha. Akaomba mara nyingine. Halafu akafumbua macho, akatabasamu kwa aibu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi kanisani.

"Masikio yangu yamekwisha," alisema. "Nyie mnamsikia, sivyo? Mimi pale juu simpati tena."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Mzee Isaka alinitazama. Na mimi nikasema, kwa sauti ya upole kabisa, ile tunayoitumia kwa wazee:

"Ni umri, mzee. Hutokea."

Akaitikia kwa kichwa, akasema kweli, hutokea. Akatushukuru kwa mikono miwili. Mzee Isaka alikuwa ameshatoka nje. Kibuyu cha maziwa kilikaa mezani hadi maziwa yakaganda, hakuna aliyeweza kuyanywa.

Niliona huo ndio mwisho wake. Baada ya miezi michache dereva mmoja wa Daudi akawa anapiga soga kantini, akasema kanisani kwao kuna mambo: Mwalimu Akonaay amesimama mbele ya waumini akaikabidhi kwaya. Amesema Mungu amemchukulia sauti za juu, na hawezi kuwasahihisha watu katika kitu asichokisikia. Walimwomba abaki, akakataa. Watu wengine walilia. Kwaya amepewa kijana mwenye kinanda, na yule dereva akasema kwa kweli wanaimba kama wanafukuza ndege.

Mzee Isaka alikuwa meza ileile. Aliniambia kesho lori la mbegu linapanda Mbulu, linapita Daudi, nafasi ipo. Nikasema nitakwenda mavuno yakiisha. Mavuno yalipoisha nikasema tupande kwanza. Hakunikumbusha tena. Alipostaafu alinipa ile mita pamoja na kitambaa chake, na katika karatasi ya makabidhiano aliandika kila kitu kilichomo karakanani, hadi brashi, ila pale penye sehemu ya kazi zilizobaki aliandika moja tu: Daudi. Nilisaini. Miaka sita baadaye nilikwenda kumzika Kondoa, bado sijaimaliza.

Mengine mnayajua au mmeyasikia. Vipuri vikawa haviji, kombaini zikawa zinaliwa ili nyingine itembee, mashamba yakabadilisha mikono, ngano ikapungua mwaka hadi mwaka. Kisanduku changu ndicho kilichofungwa klabuni, maana punje zilikuwa upande wangu. Kiliimba sherehe tatu. Klabu ilipofungwa mbuzi walilala humo, na sijui kiliishia wapi, sikukitafuta. Mimi nilihamia Mbulu mjini, ndiko mlikonikuta nikiwa tayari na mvi, nikiwakera kila siku na vikaratasi na nyuzi zangu, nikiwapigia kelele mkiweka muziki wenu kwenye spika ya mteja. Mlikuwa mnacheka mkisema Mzee Boay na uzi wake. Sikuwa mwangalifu kwa tabia. Nilikuwa mtu aliyeungua.

Na kutoka Mbulu hadi Daudi si safari. Ningeweza kwenda Jumapili yoyote na nikarudi kabla chai haijaandaliwa. Miaka yote ile nilikwenda Arusha, nilikwenda Dodoma, nilikwenda hadi Mwanza kwenye semina ya siku tatu ambayo sikuelewa inahusu nini. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu wa kuzaliwa ninao sita, na huyu wa saba ni mkubwa kuliko wote.

Nilikwenda wiki mbili baada ya lile pilau lenu. Nilidhani nitaonyeshwa kaburi, nikawa, Mungu anisamehe, nimejiandaa kufarijika. Nilimkuta amekaa kwenye ukuta wa jua pamoja na mkewe, wanachambua maharage ya mbegu, sinia moja katikati yao. Amekonda, amepinda, macho yana ukungu. Nilikuwa bado niko mbali, kwenye lango la miti, nikamsikia anamwambia mkewe kuna mtu amevaa viatu vya ngozi. Nikawaamkia shikamoo. Akaitika marahaba kwa sauti ya chini, ya kawaida. Asiyesikia haitiki kwa sauti ya chini namna ile.

Nilijitambulisha, akanikumbuka, akasema yule fundi mdogo wa Hanang. Mkewe akaniletea kigoda na chai. Nikamweleza yote: kikaratasi, blanketi, punje, sarafu, ule unga mweusi. Nikamweleza kwamba siku ile mkono wake ulipobaki juu, masikio yake hayakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu, na nikamwambia ni umri.

Aliendelea kuchambua maharage kwa kupapasa. Mabaya aliyaweka upande wa kushoto, mazuri kulia, hakukosea hata moja.

"Kwa hiyo nilikuwa nasikia," alisema.

"Ulikuwa unasikia, mzee."

"Ng'ombe nilikuwa namsikia ng'ambo ya bonde. Watu nilikuwa nawasikia. Nikajua ni zile za juu tu zimeniacha. Kila walipoimba akina mama nilikuwa najiuliza, ni wao wamekosea au ni mimi." Akasogeza sinia. "Niliwapenda sana wale watu wa kwaya."

Niliteremka kwenye kigoda nikapiga magoti. Mkewe akaniambia niinuke, mimi pia ni mzee, nitaumia. Mwalimu hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisema kaseti bado ipo, wanaiweka siku ya kumbukumbu ya Paskalina, na yeye husikiliza ule mchakacho kwa makini zaidi kuliko nyimbo, labda atatokea. Kisha akanigeukia na yale macho yake ya ukungu, akasogea mbele, na usoni kwake nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa na tamaa, kama mtoto.

"Lakini wewe uliisikia ikiwa nzima," alisema. "Mimi niliisikia mara moja, kwa padre, na siku hiyo nilikuwa nalia. Niambie, kijana wangu. Pale anapopanda peke yake, alikuwa anaimbaje?"

Mkewe aliacha maharage naye akanitazama.

Nilikumbuka besi ya kisanduku changu ilivyokuwa imesimama. Nilikumbuka mngurumo wa kile cha taa, na herufi ya "s", na muuguzi alisema nini, na kapasita zote nilizobadilisha na thamani zake. Nilimtafuta Paskalina katikati ya hayo yote, nikarudi mwanzo, nikatafuta tena, huku wazee wawili wananingoja.

Nikamwambia sijui. Nikamwambia niliipiga santuri ile zaidi ya mara arobaini, na hata mara moja sikumsikiliza binti yake.